Tuulize Kwanza: Faida Hii Inatoka Wapi?

Kutaka mali si dhambi. Mzazi anayetaka kumsomesha mwanawe, kijana anayetafuta mtaji, mstaafu anayetaka kuezeka nyumba yake kabla kiinua mgongo hakijaisha, wote wanataka jambo la halali. Lakini, ndugu msomaji, wako watu wanaoishi kwa kuila haja hiyo ya halali. Zamani walitufuata kwenye kumbi na nyumba za ibada. Leo wanatufuata hadi kwenye simu zetu. Wanatuahidi kwamba fedha itazaa maradufu kwa muda mfupi bila sisi kutoa jasho. Nina ombi moja: kabla hujatoa shilingi yako, uliza faida hiyo inatoka wapi, na usitoe mpaka upate jibu linaloeleweka.

Wengi wetu tunaikumbuka DECI, mpango wa kuchangisha fedha uliovuma hapa Tanzania. Wachungaji walikuwa miongoni mwa viongozi wake, na lugha yake ilikuwa ya kanisani: mwanachama "alipanda mbegu", kisha akangoja "kuvuna" zaidi ya alichopanda. Waliotangulia walivuna kweli, na mavuno yao yakawavuta ndugu, majirani na waumini wenzao. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha, na mwaka 2013 mahakama jijini Dar es Salaam ikawatia hatiani viongozi wake. Hapakuwa na shamba wala kiwanda kilichozalisha kitu. Mavuno ya aliyetangulia yalikuwa mbegu za aliyefuata, basi.

Wala si Tanzania peke yake. Nchini Kenya, kikosi kazi cha Serikali kilichochunguza michezo ya namna hii kilikuta kwamba wananchi walikuwa wamepoteza mabilioni ya shilingi. Albania, mwaka 1997, kuanguka kwa makampuni ya aina hiyo kulizua ghasia zilizoua watu wapatao 2,000. Na miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1920, Charles Ponzi aliwaahidi watu wa Boston, Marekani, faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Akafungwa, na hatimaye akafa maskini. Majina hubadilika, hila ni ile ile.

Tuipime kwa hesabu. Tuseme kila anayeingia sharti alete watu 6. Ngazi ya kwanza ni watu 6, ya pili 36, ya tatu 216. Ukifika ngazi ya kumi unahitaji watu zaidi ya milioni 60 kwa ngazi hiyo peke yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 61.7 Tanzania nzima, pamoja na watoto wachanga. Kwa hiyo mchezo huu hauvunjiki kwa sababu ya hujuma au bahati mbaya, kama wenyewe wanavyodai. Ni lazima uvunjike, na unapovunjika walio wengi daima ni wale walioingia mwisho.

Ipime pia ahadi yenyewe. Shilingi 10,000 inayozaa maradufu kila mwezi ingefika zaidi ya shilingi bilioni 167 kwa miaka miwili. Mtu mwenye ufundi huo ana haja gani na elfu kumi yako?

Wapo watakaosema: "Lakini jirani yangu amelipwa, nimeona kwa macho yangu." Ni kweli amelipwa. Kumlipa yeye ndilo tangazo lao kubwa, na fedha aliyolipwa ni ya mwenzake. Wengine watasema kwamba upatu ni desturi yetu tangu enzi za bibi zetu. Upatu wa bibi zetu tuuheshimu. Wanawake 10 wakichanga shilingi 20,000 kila wiki, kila mmoja kwa zamu yake hupokea 200,000, na mwisho wa mzunguko hakuna aliyepata zaidi ya alichotoa. Faida yake ni kupata fedha kwa mkupuo, na ulinzi wake ni kujuana. Anayeuita upatu mchezo unaoahidi kuzalisha fedha anawatukana bibi hao.

Tuwaogope vivyo hivyo wauza siri za utajiri, wanaotoza kiingilio ili watufundishe kutajirika. Muulize kila mmoja wao alitajirika kwa kazi gani kabla ya kuanza kufundisha. Tuiogope pia mikopo ya haraka, ile ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu. Riba ya asilimia 20 kwa mwezi husikika ndogo. Kwa mwaka ni asilimia 240, na hakuna genge wala kibanda cha chipsi kinachozalisha hivyo. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Orodha kama hizo hutolewa ili tuzisome.

Njia ya salama haina shangwe, lakini ipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi anza na daftari, uandike kinachoingia na kinachotoka. Lipa kwanza deni lenye riba kali. Weka akiba ya dharura, ili ugonjwa wa mtoto usikupeleke kwa mkopeshaji. Anayeweka shilingi 1,000 kila siku ana 365,000 mwisho wa mwaka. Akiba ikikua, ziko SACCOS zenye leseni, iko mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS, ziko hatifungani za Serikali zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu. Faida ya asilimia 12 kwa mwaka, isipoguswa, hukaribia kuzidisha fedha maradufu kwa miaka sita. Miaka sita, si wiki sita. Huo ndio mwendo wa fedha inayofanya kazi kweli.

Viongozi wa dini na wa mitaa, msimpe mimbari wala jukwaa mtu ambaye hamkuziona hesabu zake. Vijana, msiwashawishi wazazi wenu watoe pensheni kwa jambo msilolielewa. Nanyi mliokwisha kutapeliwa, msinyamaze kwa aibu. Nendeni polisi na mwaonye wenzenu, kwa maana ukimya wenu ndio mtaji wa tapeli anayefuata. Na wewe msomaji, atakapokujia mtu na ahadi yake, hata akiwa ndugu yako wa damu, muulize bila haya: faida hii inatoka wapi? Akishindwa kujibu, ibakize fedha yako mfukoni.