Utafiti Urudi Kihurio

Yapo mambo ambayo huzungumzwa mijini kana kwamba hayawahusu watu wa mashambani. Moja la mambo hayo ni elimu iliyo juu kuliko zote, yaani shahada ya uzamivu, ile impayo mtu haki ya kuitwa daktari ijapokuwa hajapata kushika sindano. Watu husema kuwa hayo ni ya Mlimani, ya Morogoro na ya Arusha. Yamhusu nini mkulima wa mpunga wa Kihurio, au mchukuzi wa bandarini? Sisi twaona kuwa yamhusu sana, kwa sababu yeye ndiye alipaye, na mara nyingi yeye ndiye aulizwaye maswali. Kwa hiyo anayo haki ya kusema elimu hiyo itolewe namna gani, na ipate kazi gani.

Kihurio iko katika wilaya ya Same, kwenye tambarare iliyo chini ya Milima ya Upare upande wa mashariki, katika njia itokayo Same kupitia Kisiwani, Gonja na Ndungu hadi Mkomazi. Nyuma yake ni milima yenye mvua na misitu. Mbele yake ni nyika kavu ya Mkomazi, iliyofanywa pori la akiba mwaka 1951 na hifadhi ya taifa mwaka 2008. Mpunga wa tambarare hii haungojei mvua peke yake, bali hunyweshwa kwa maji yateremkayo milimani. Mtu wa huku hana budi kujua mto hujaa lini, mfereji hufunguliwa na nani, zamu ya leo ni ya nani, na ng'ombe wapite wapi wasije wakala mashamba. Huo nao ni ujuzi, ingawa hauna cheti.

Wala vitabu si vigeni kwa Wapare. Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani waliingia Upareni mwaka 1903, na Kihurio ikawa miongoni mwa vituo vyao vya mwanzo. Mmoja wa wamisionari hao, Ernst Kotz, alitoa kitabu cha sarufi ya Chasu huko Berlin mwaka 1909. Maneno yalitoka vinywani mwa Wapare, lakini kitabu kiliandikwa kwa Kijerumani, kwa ajili ya Wajerumani. Zama zile zilikuwa za kutawaliwa, na jambo hilo halitushangazi. La kushangaza ni kwamba hata baada ya uhuru njia hiyo haikubadilika sana.

Hatusemi kwamba hapana mfano mwema. Upo, na ulitoka Upareni kwenyewe. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, alipokuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, hakutosheka na yaliyoandikwa na watawala. Alirudi kwao milimani, akaketi na wazee wa koo, akawauliza habari za watu wao na tawala zao. Kutokana na kazi hiyo kilitoka Nairobi, mwaka 1969, kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare tangu yapata mwaka 1500 hadi 1900. Mwaka 1971 akatoa kijitabu juu ya mbiru, ile kodi iliyopimwa kwa mali ya mtu, ambayo Wapare waliipinga katika miaka ya 1940 hata maelfu yao wakateremka Same na kupiga kambi huko. Naye alifundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu huyu alifundishwa utafiti, akapata kazi ya kutumia aliyofundishwa, na watu aliowauliza maswali walikuwa watu wake. Atakaye kujua shahada hii ni ya nini, na amtazame yeye.

Lakini mtu mmoja si mpango. Ng'ambo ya pili ya milima hiyo hiyo, katika bonde la Makanya, wanafunzi wa uzamivu walipima mvua, mito na ndiva, yaani yale mabwawa madogo ya jadi ambayo Wapare huyatumia kukusanya maji ya mifereji. Hayo yalifanyika katika miaka ya 2000 na iliyofuata, na baadhi ya tasnifu zao zilitetewa Uholanzi. Kabla ya hapo Mwingereza mmoja, Dan Brockington, alichunguza maisha ya wafugaji walioondolewa Mkomazi mwaka 1988. Tasnifu yake ilikubaliwa London mwaka 1998, na kitabu kikatoka mwaka 2002. Kazi hizo ni nzuri, na hatuwalaumu walioziandika. Sisi twauliza swali moja tu: mwenyekiti wa kamati ya maji, au mzee wa wafugaji aliyepoteza malisho, akitaka kuzisoma atazipata wapi, na kwa lugha gani? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari likiwekwa ng'ambo, mwenye mali amefaidi nini?

Na tusisahau nani alipaye. Chuo Kikuu chetu cha kwanza kilianza tarehe 25 Oktoba, 1961, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiotimia 20. Jengo lile lilikuwa la wanachama, watu waliotoa shilingi zao moja moja, na wengi wao hawakujua kusoma. Katika miaka ile ya mwanzo Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kukiletea kijiji chakula. Asiporudi, alisema, yeye ni msaliti. Hata leo hali ni ile ile. Mradi mkubwa wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2021, ambao pamoja na mambo mengine husomesha wahadhiri shahada za uzamili na uzamivu, umegharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Mkopo hulipwa, na atakayelipa ni mwananchi anunuaye sukari na sabuni, wa Kihurio na wa kila mahali.

Lakini haki ina pande mbili. Ikiwa twamdai msomi, yatupasa pia tujue anaishije. Katika nchi kama Uholanzi na Sweden, mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa: ana mkataba, ana mshahara, ana likizo ya uzazi. Kwetu wengi wanaosoma shahada hii ni wahadhiri wasaidizi, ambao hufundisha mchana na kuandika tasnifu usiku. Wengine si watumishi wa mahali popote. Hawa hulipa ada, hulipa nauli ya kwenda vijijini, humlipa msaidizi, na wakiugua hawana wa kuwatazama. Wafanyakazi wa nchi hii wanajua maana ya kazi isiyo na mkataba. Sisi twasema kwamba mtafiti ni mfanyakazi, na ahesabiwe hivyo. Akipima maji ya mfereji miaka mitatu, hiyo ni kazi ya taifa kama ilivyo kazi ya fundi wa barabara.

Basi twapendekeza mambo matatu.

La kwanza ni mafunzo. Ugonjwa mkubwa wa shahada hii ni upweke. Mwanafunzi hukaa miezi bila kumwona msimamizi wake, hajui kama yu njiani au amepotea, na mwisho hukata tamaa. Dawa yake yajulikana, tena imejaribiwa hapa Afrika. Tangu mwaka 1983 kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, icipe, kimekuwa kikiwapokea wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi nyingi za Afrika, wakafanya utafiti pamoja juu ya wadudu wanaotuharibia mazao na afya, huku vyuo vyao vikiwapa shahada. Mwaka 2008 ulianzishwa ushirikiano uitwao CARTA, ambao hukusanya walimu wa vyuo vya Afrika, Dar es Salaam ikiwamo, wakasoma kwa makundi na kukutana kwa hatua tangu swali la utafiti linapoundwa mpaka tasnifu inapomalizika. Arusha nako ipo Taasisi ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011, ambayo kazi yake hasa ni shahada za uzamili na uzamivu. Mmoja wa wale waliochunguza maji ya bonde la Pangani kwa ajili ya shahada ya Uholanzi, raia wa Uganda, alikuja kufundisha hapo. Kwa nini basi kila chuo chetu kisiwe na makundi ya namna hiyo? Na kwa nini miezi kadhaa ya mafunzo isifanywe wilayani, katika skimu za umwagiliaji kama zile za Ndungu na Kihurio, mkulima akiwa mmoja wa walimu?

La pili ni kazi. Mwanafunzi wa uzamivu hufundishwa kana kwamba atakuwa mhadhiri tu, na nafasi za wahadhiri ni chache. Tena vyuo huangalia wastani wa alama alizopata katika shahada ya kwanza, hata kama tangu wakati huo amekwisha thibitisha uwezo wake. Akigeukia utumishi wa umma, hukuta tangazo linalotaka mwombaji asizidi umri wa miaka 45, isipokuwa aliyekwisha kuwa kazini serikalini. Na huko halmashauri nafasi nyingi ni za stashahada au shahada ya kwanza. Hivyo taifa hugharimia elimu ya mtu hadi ncha yake, kisha likamwambia halina mahali pa kumweka. Sisi twaona kuwa mahali papo. Bonde la maji lahitaji mtu ajuaye kupima na kutabiri. Chama cha ushirika cha wakulima wa tangawizi wa Mamba Myamba chahitaji mtu ajuaye magonjwa ya zao hilo na namna ya kulihifadhi. Hifadhi ya Mkomazi yahitaji mtu ajuaye wanyama, lakini pia ajuaye watu wanaopakana na wanyama hao. Yatakiwa ziwekwe nafasi za watafiti katika mikoa, mabonde, vyama vya ushirika na viwanda, zenye mshahara unaolingana na ujuzi, ili mtu asione kwamba kutoka chuoni ni kushushwa cheo.

La tatu ni jamii, na hili ndilo kubwa. Mtafiti hapati ruhusa ya kuingia kijijini bila kibali, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo itoayo vibali hivyo. Kijiji humpokea kwa barua. Basi naye aondoke kwa barua: aache kijijini, kwa Kiswahili, maelezo ya aliyoyaona, na ayasome mbele ya mkutano wa hadhara, aulizwe maswali kama alivyouliza yeye. Wala pasiwe na mtu wa kutuambia Kiswahili hakiwezi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria, tasnifu za uzamivu za somo la Kiswahili huandikwa kwa Kiswahili chenyewe. Ikiwa lugha hii yaweza kubeba tasnifu nzima, yawezaje kushindwa kubeba kurasa kumi juu ya mfereji?

Watakuwapo watakaosema kuwa elimu ya namna hii haitaki kufungwa na mahitaji ya kijiji, na kwamba yaliyo makubwa katika sayansi yaligunduliwa na watu waliofuata akili yao tu. Ni kweli, na hatutaki kila tasnifu iwe juu ya mpunga. Aliyejaliwa kusoma nyota, na asome nyota. Lakini uhuru wa msomi haupungui kwa kuwaeleza waliomsomesha amefika wapi. Wengine watasema fedha hakuna. Nao twawajibu kuwa mtegemea cha ndugu hufa maskini. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, tafiti nyingi barani Afrika zilikatika katikati. Tukiendelea kungoja wafadhili, wao ndio watakaochagua maswali yetu, na siku watakapochoka maswali hayo yatabaki bila majibu.

Wapare wana desturi ya msaragambo. Baragumu ikilia, kila mtu huja na jembe lake, mfereji ukazibuliwa, barabara ikatengenezwa, na hapana ajaye kwa kutazama tu. Msomi wa uzamivu naye ana jembe lake, nalo ni jembe la thamani kubwa. Kazi ya Serikali na vyuo ni kuhakikisha kuwa jembe hilo lina mpini, yaani mafunzo, mshahara na mahali pa kazi. Kazi ya wanachama na wafanyakazi, katika vikao vya matawi na vya vijiji, ni kuuliza bila haya: mtafiti aliyekuja mwaka jana aliona nini? Mahali ambapo swali hilo halijaulizwa, na lianze kuulizwa katika mkutano ujao.