MDENI ALIYEANGUKA SI MWIZI WA KODI



Wako watu wa aina mbili wanaodaiwa kodi katika nchi hii. Yuko anayeficha mali, na yuko aliyefilisika. Wa kwanza ana wakili, mhasibu na marafiki wakubwa. Wa pili ana rundo la barua na duka lililofungwa. Sheria zetu huwatazama kwa jicho moja, na anayenaswa upesi ni yule asiye na pa kukimbilia. Sisi tunasema huo ni uonevu.

Hatusemi kodi isilipwe. Bila kodi hakuna hospitali wala barabara. Tunalosema ni kwamba serikali inayotaka fungu lake wakati wa faida haina budi kuujua pia wakati wa msiba.

Biashara nyingi za mpakani hazikufa kwa uvivu wa wenyewe. Mwaka 2020 mpaka ulibanwa kwa ajili ya Korona, na malori yakapanga foleni ya kilomita nyingi Malaba madereva wakisubiri vipimo. Tarehe 5 Machi 2021 serikali ikapiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku tano baadaye ikalegeza kamba, kwa masharti ya usajili na vyeti. Afya ya watu ni lazima ilindwe. Lakini amri ya serikali ikimwangusha mfanyabiashara, yawaje serikali hiyo hiyo imjie kesho kama mdai asiyejua lililotokea?

Tutazame jinsi deni linavyokua. Chukueni mfano wa mama mwenye duka la jumla la sabuni na vifaa vya ujenzi, aliyesajiliwa kulipa VAT. Biashara inakufa, anafunga mlango, lakini hajui kwamba usajili wake haufungwi kwa kufuli. Kila mwezi, kabla ya tarehe 20 kupita, bado anatakiwa kuwasilisha taarifa. Asipowasilisha, faini ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, kubwa kati ya hizo mbili. Miezi kumi na miwili ya ukimya ni shilingi 120,000, kwa duka ambalo halikuuza hata mche mmoja wa sabuni! Juu ya kodi ya zamani huongezwa asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 imeiwekea riba mpaka isizidi deni la msingi. Maana yake ni kwamba deni la 300,000 laweza kuzaa 300,000 nyingine.

Na kwa kuwa alifanya biashara kwa jina lake mwenyewe, bila kampuni, sheria haitenganishi duka na mwenye duka. Mamlaka ya Ushuru, KRA, yaweza kuiandikia benki yake, ama hata mtu anayemdai, fedha zichukuliwe kabla hazijamfikia mkononi. Deni lililozaliwa sokoni Busia linamfuata mpaka nyumbani kwake Butula.

Hata mfanyabiashara mdogo zaidi hana nafuu. Kodi ya mauzo ghafi, inayowahusu wenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, ilipandishwa kutoka asilimia 1 hadi 3 mwezi Julai 2023. Hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Aliyeuza bidhaa za milioni 2 akapata hasara ya laki moja bado anadaiwa 60,000. Kweli, sheria inamruhusu kuandika kuomba atolewe katika kodi hiyo. Ni nani aliyefika Khunyangu kumweleza? Mnamo Septemba 2021 Mahakama Kuu kule Machakos ilibatilisha kodi ya kima cha chini, kwa kuwa ilimtoza hata aliyepata hasara, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Desemba 2022. Watunga sheria waliisoma hukumu hiyo kwa jicho gani?

Tutaambiwa kwamba msamaha ulitolewa. Ulitolewa, mara ya kwanza kuanzia Septemba 2023 hadi Juni 2024, na mara ya pili hadi Juni 2025. Lakini mwenye deni la msingi alitakiwa alilipe lote kwanza, ndipo asamehewe riba na faini. Mwenye fedha akasamehewa. Asiye na kitu akabaki alipokuwa. Huu ni msamaha gani unaomruka maskini?

Nchi hii si ngeni kwa ukarimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Hazina ilitoa mabilioni katika kashfa ya Goldenberg, kuwafidia watu kwa mauzo hewa ya dhahabu na almasi. Mnyonge hakuwahi kufunguliwa mkono huo.

Kwa hiyo tunadai haya. Kwanza, mtu akithibitisha kwamba biashara imekufa, faini za kutowasilisha taarifa zikome tangu siku ilipokufa. Pili, aliyefilisika bila hila apewe haki ya kupunguziwa hata deni la msingi kulingana na uwezo wake, kwa masharti yaliyoandikwa katika sheria, si kwa hisani ya afisa. Tatu, kila msamaha uwekwe wazi pamoja na sababu yake, kama Kifungu cha 210 cha Katiba kinavyoagiza, tujue ni nani wanaosamehewa. Nne, elimu ya kufunga usajili itolewe masokoni, kwa lugha wanayoielewa wauzaji.

Wananchi, Kifungu cha 2A hakikufutwa mwaka 1991 ili tupate rangi nyingi za bendera kwenye mikutano. Kilifutwa ili anayetaka kututawala alazimike kutusikiliza. Kila mwaka Mswada wa Fedha huletwa kwa umma kutoa maoni. Andikeni yenu, kila soko na kila chama cha akiba. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge au libadili sheria. Na atakayekuja kuomba kura, wa chama chochote, aulizwe hadharani: aliyeanguka utamsimamisha, au utamtoza faini kwa kuanguka?