Haki ya Mwenye Gari Kuukuu
Mkulima wa Mlali apelekaye gari kuukuu mjini ili aongeze fedha na kupewa jingine, mara nyingi hupokewa kama mwombaji. Huachwa benchini kutwa. Gari lake hukadiriwa kwa jicho, kama tenga la nyanya gulioni. Kisha hutakiwa kutia sahihi hati ya Kiingereza asiyoielewa. Huo si utovu wa adabu tu, ni dhuluma. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Viongozi wa walei wamsindikize, wadai bei iandikwe, na wahakikishe umiliki umehamishwa TRA, kwa maana jina lake likibaki kwenye kadi, faini za dereva mwingine zitamwandama yeye.