Saa 12 za Kazi: Bunge Lilisema Ndiyo, Wafanyakazi Wakasema Siyo



Wengi wetu tukisikia habari za bunge hudhani ni mambo ya wakubwa. Wao wanasema, wanapiga kura, wanakwenda zao. Nasi tunarudi kwenye mashine na kwenye chai. Fikira hiyo ni ya hatari. Leo tunaeleza siku moja ya bunge la jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, maana yaliyotokea kule yanaweza kutokea popote palipo na mwajiri na mwajiriwa.

Tamil Nadu ni jimbo la viwanda. Kuna viwanda vya magari karibu na mji mkuu, Chennai, viwanda vya kushona nguo Tiruppur, na vinu vya pamba Coimbatore. Sheria ya Viwanda ya India ya mwaka 1948, iliyokuwa ikitumika wakati huo, ilisema mtu mzima asifanye kazi zaidi ya saa 9 kwa siku wala saa 48 kwa juma. Akizidisha, alipwe maradufu kwa saa hizo za ziada.

Tarehe 21 Aprili, 2023, bunge la jimbo lilijadili muswada wa kurekebisha sheria hiyo. Muswada uliipa serikali uwezo wa kukisamehe kiwanda chochote, au kundi la viwanda, kisibanwe na vifungu vya saa za kazi, vya mapumziko na vya malipo ya ziada. Hivyo mlango wa siku ya kazi ya saa 12 ukafunguliwa.

Mawaziri walijitetea. Walisema saa 48 za juma hazitaongezwa: mtu atafanya kazi siku 4 na kupumzika siku 3. Walisema itakuwa kwa hiari ya mfanyakazi, na kwamba wenye mitaji wa kigeni watavutiwa. Wabunge wa vyama vilivyokuwa vikishirikiana na serikali, vikiwamo vyama vya kikomunisti, walipinga, na wengine wakatoka nje ya ukumbi. Lakini bunge hilo lina viti 234, na chama tawala cha DMK peke yake kilikuwa kimeshinda viti 133 katika uchaguzi wa 2021. Ikapigwa kura ya sauti. Ndiyo zikazidi siyo, muswada ukapita. Katika kura ya namna hiyo majina hayaandikwi. Kesho mfanyakazi hawezi kujua nani alisema nini.

Sasa tulipime neno hili “hiari”. Kijana anayegombea kibarua mlangoni pamoja na wenzake hamsini ana hiari gani? Mama anayemaliza zamu usiku, na nyumbani ana mtoto mchanga, atamwambia nyapara kwamba yeye hataki? Hiari ya mtu mmoja mmoja mbele ya mwajiri ni hiari ya kuku mbele ya kisu. Tena tutazame maandishi. Mdomo wa waziri ulisema saa za juma hazitaguswa, lakini karatasi iliruhusu kusamehe hata kifungu cha saa za juma na kile cha malipo maradufu. Hotuba hupita, mahakamani husomwa karatasi.

Vyama vya wafanyakazi havikulala. Hata shirikisho lililo upande wa chama tawala chenyewe, LPF, lilipinga. Hilo tunalisifu, maana ni vigumu kumwambia rafiki kwamba amekosea. Tarehe 24 Aprili, baada ya mazungumzo na vyama, Waziri Mkuu wa jimbo, M. K. Stalin, alisimamisha utekelezaji. Siku ya Mei Mosi, akiwa katika Bustani ya Mei Mosi mjini Chennai, alitangaza kwamba muswada umeondolewa. Ilikuwa miaka 100 kamili tangu Singaravelar alipoongoza sherehe ya kwanza ya Mei Mosi nchini India, mwaka 1923, katika mji huo huo uliokuwa ukiitwa Madras.

Kwa maoni yetu yapo mafunzo mawili. La kwanza: serikali rafiki si badala ya chama. Waliopitisha muswada ule hawakuwa maadui wa wafanyakazi. Walikuwa watu waliopigiwa kura na wafanyakazi. La pili: ushindi ulikuja kwa siku 10 kwa sababu vyama vilikuwapo tayari, vyenye wanachama na viongozi wanaojuana. Chama hakianzwi siku moto unapowaka.

Kwa hiyo sisi tulioko Kenya, Uganda, Burundi au Kongo tujiulize: muswada wa namna hiyo ukiletwa kesho, katibu wa tawi letu atapata nakala? Atausoma na kuueleza kwa lugha tunayoielewa kabla ya siku ya kura? Siku ya kazi ya saa 8 iliandikwa katika Mkataba namba 1 wa Shirika la Kazi la Kimataifa mwaka 1919. Imedumu zaidi ya miaka 100 kwa kulindwa, na ulinzi huo ni zamu yetu pia.