Nusu kwa Nusu Si Sheria ya Maumbile

Jamani wanaprogramu, uvivu umetuzidi. Kila nikifungua programu inayoigiza mageuzi ya viumbe nakutana na ujanja uleule: viumbe wote wamewekwa kwenye orodha moja kubwa, na jike yeyote hupewa dume yeyote kwa bahati nasibu. Baada ya vizazi elfu moja madume na majike hutoka nusu kwa nusu, na mwandishi hutangaza kwamba maumbile yanapenda usawa. Uongo! Usawa huo kauingiza mwenyewe.

Ni kweli, Ronald Fisher alieleza mwaka 1930 kwa nini uwiano huelekea nusu: mzazi anayezaa jinsia iliyo adimu hupata wajukuu wengi zaidi. Lakini hoja yake inataka madume wote washindanie majike wa jamii nzima. Je, wasipohama?

Mtazame Nasonia vitripennis, nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya pupa ya nzi. Madume wana mabawa mafupi, hawaruki. Huwangoja dada zao palepale. Majike wakishapandwa huruka zao. Sasa mama ana haja gani ya kuzaa wana wa kiume ishirini wawagombanie dada walewale? Anayeshinda ni mwanawe, anayeshindwa pia ni mwanawe. Na chaguo analo: yai lisilorutubishwa huwa dume, lililorutubishwa huwa jike.

W. D. Hamilton aliyaandika haya mwaka 1967. Hesabu yake rahisi ni hii: chukua idadi ya mama wanaotaga mahali pamoja, ondoa moja, kisha gawanya kwa idadi ile mara mbili. Mama 10, madume asilimia 45. Mama 2, asilimia 25. Mama 1, sufuri, yaani madume wa kutosha kuwapanda dada zao tu.

Geuza sasa. Kwa komba wakubwa wa Afrika Kusini, mabinti hubaki karibu na mama na kugombania chakula, wana wa kiume huhama. Anne Clark alionyesha mwaka 1978 kwamba huko madume ndio huzaliwa wengi.

Mtasema huu ni mchezo wa kompyuta tu. Hapana. Hapa Kenya nyigu Cotesia flavipes waliachiliwa pwani mwaka 1993 wapambane na kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi. Kazi hiyo ni ya jike, maana dume hatagi. Mtu anayefuga nyigu wenye tabia kama ya Nasonia, akiwarundika mama wengi pamoja kwa kuamini kwamba uwiano haubadiliki, atavuna madume wasio na kazi shambani.

Dawa ni ndogo. Igawe orodha yako iwe viota vingi, kisha ongeza namba moja: uwezekano wa kuhama kabla ya kujamiiana. Ipandishe, ishushe, ujionee. Atakayenipinga na alete programu yake, si kelele.