Urubani wa Vita Hauna Mjomba

Ndugu askari, wako wanaodhani kwamba ushujaa pekee watosha kumfanya mtu rubani wa ndege ya kivita. La hasha! Ndege hiyo ikipinda kwa kasi, uzito wa mwili waweza kuongezeka mara 9: mwenye kilo 70 hulemewa kana kwamba ana kilo 630. Damu huteremka miguuni, macho huingia giza, na asiyefunzwa kukaza misuli na kudhibiti pumzi huzimia. Huko angani cheo cha mjomba hakimwokoi mtu.

Wala rubani hatoshi peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, ndege za kivita za Uganda ziliteketezwa Entebbe zikiwa zimeegeshwa. Basi rubani, fundi na mlinzi wateuliwe kwa afya, elimu na nidhamu, kamwe si kwa undugu.