UBAO WA MATANGAZO UMEKWENDA WAPI?



Zamani mfanya kazi alipofika langoni alijua pa kutazama. Palikuwa na ubao, wenye vumbi na misumari ya kutu, na hapo zilibandikwa zamu za wiki, orodha ya likizo, amri za meneja, na pengine, baada ya kubishana sana, karatasi ya chama chetu. Siku hizi katika makampuni mengi ubao umeondolewa au umebaki mtupu. Ukiuliza zamu yako waambiwa, "Iko kwenye mtandao."

Mtandao wanaousema si ule wa dunia nzima. Ni mtandao wa ndani, yaani mahali katika kompyuta na simu ambapo watu wa kampuni moja peke yao waweza kuingia, kila mmoja kwa jina lake na neno lake la siri. Humo huwekwa matangazo, fomu za likizo, karatasi za mshahara, na vikundi vya mazungumzo vya kila idara. Mingine huundwa kwa programu ya SharePoint, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2001, na mingine kwa Slack au kwa Teams iliyokuja mwaka 2017. Waajiri wengi hawaimiliki programu hizo. Hukodi nafasi kwa kampuni ya ng'ambo, na hulipa kwa kila kichwa kila mwezi.

Tuyashike hayo malipo ya kila kichwa, kwa maana ndiyo mzizi wa shida. Mwajiri anayelipa kwa kichwa huangalia ni vichwa vya nani. Makarani wa ofisini hupewa wote. Mlinzi wa usiku, mfagiaji, utingo wa lori, mama anayefunga maua, kibarua wa msimu, hao mara nyingi hawapewi, au hupewa jina la kuingilia bila simu, wakaambiwa watumie simu zao na bando wanalonunua kwa mshahara wao. Kisha amri huwekwa mahali wasipofika, na siku ya makosa wanaambiwa tangazo lilitolewa na kila mtu amelisoma. Sisi twasema tangazo lililofungiwa katika nyumba ambayo mtu hana ufunguo wake si tangazo.

Sheria iko upande wetu katika hili zaidi ya wengi wanavyojua. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa mwenendo mbaya au kazi duni, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanya kazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama pale pale. Ujumbe wa Kiingereza uliotumwa saa nne za usiku katika kikundi cha idara haukutimiza hata moja ya hayo. Mtu akipata barua ya namna hiyo asibonyeze "nakubali", bali amwone mjumbe wake kwanza.

Sasa tuseme juu ya kuchunguzwa. Wengi hudhani maongezi ya watu wawili mle ndani ni siri yao. Sivyo. Chombo ni cha mwajiri, na katika mitandao mingi mwenye ruhusa ya juu aweza kutoa nakala ya maongezi hayo bila wenyewe kujua. Tena mtandao huandika daftari lake wenyewe: nani aliingia, saa ngapi, alifungua hati gani. Mwaka 2020 Microsoft ilitoa kipimo cha kazi kilichoonyesha majina ya watu na jinsi kila mmoja alivyotumia programu zake. Kelele zikapigwa, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo majina yakaondolewa. Hiyo yaonyesha kwamba kelele zafaa. Lakini pia yaonyesha wenye mitambo wanafikiri nini wakati hakuna anayepiga kelele. Kwa hiyo mambo ya mgomo na mashauri ya mkataba yasiandikwe humo, hata kwa mzaha.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yampa kila mtu haki ya kuambiwa habari zake zatumiwa kwa nini, kuziona, na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Yampa pia haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake. Wenzetu wa Ujerumani wana silaha kali zaidi: sheria yao ya mwaka 1972 yasema mwajiri asilete chombo kinachoweza kupima mwenendo au kazi ya watu mpaka amekubaliana na baraza la wafanya kazi. Kule Marekani mambo yaliyumba. Mwaka 2014 bodi ya kazi iliamua kwamba wafanya kazi wanaotumia barua pepe ya kampuni waweza kuitumia kwa habari za chama nje ya saa za kazi, na mwaka 2019 bodi hiyo hiyo, ikiwa na watu wengine, ikaugeuza uamuzi. Haki inayotegemea nani amekaa kitini ni haki ya kukopeshwa. Ndiyo sababu twataka jambo hili liandikwe katika mkataba wetu na waajiri, liwe na sahihi.

Na yule kijana anayeusimamia mtandao? Yeye si adui, ni mfanya kazi kama sisi, na mara nyingi mzigo wake hauonekani. Kila ukurasa una watu walioruhusiwa kuusoma na walioruhusiwa kuuandika. Ukurasa wa chini hurithi ruhusa za ule wa juu, kama mtoto anavyochukua jina la babake. Mtu akiukata urithi huo kwa ajili ya hati moja, kisha akasahau, baada ya miaka miwili hakuna ajuaye nani aweza kufungua nini. Mfanya kazi akihama idara, ruhusa za zamani humfuata. Akiacha kazi, jina lake lafaa kufungwa siku ile ile. Na chombo cha kutafutia humletea kila mtu chochote alichoruhusiwa kusoma, hata kama aliruhusiwa kwa makosa, na hivyo orodha ya mishahara au cheti cha daktari iliyolala miaka yaamka siku moja mbele ya macho ya watu. Kazi hii hupewa karani juu ya kazi yake nyingine, bila posho, na simu yake hulia usiku. Siri ikivuja, barua ya onyo ni yake. Twataka kazi hii iwe na cheo, mafunzo, na malipo ya kungojea usiku. Tena akiamriwa kufungua maongezi ya mwenzake, amri iwe kwa maandishi, na mjumbe wa chama ajue.

Jambo moja zaidi, dogo lakini la kweli. Mitandao hii hufa. Facebook ilifungua Workplace mwaka 2016, makampuni makubwa yakahamia humo, na mwaka 2024 wenyewe wakatangaza kwamba wataifunga. Basi karatasi ya mshahara, kibali cha likizo, barua ya onyo, kila mmoja ajitolee nakala akaiweke nyumbani.

Hatukatai mtandao. Dereva aliyeko Malaba kujua zamu yake bila kurudi Mombasa ni jambo jema, na chama nacho chataka ukurasa wake humo. Wajumbe wa kila idara watuletee kwa maandishi ni kazi zipi ambazo watu wake hawana njia ya kuingia, na nani analipa bando. Karatasi hizo zitakuwa mezani tutakapokaa na waajiri.